Pikipiki Mpya, Fundi Kila Wiki: Kwani Tulinunua Shida?

Wasee, mwaka jana kakangu alichukua pikipiki mpya. Siyo ile ya kununua kwa jirani anayehamia ushago. Mpya kabisa, kiti bado kimefunikwa nailoni, ile nailoni watu hukataa kutoa hata baada ya miezi mitatu. Malipo ya kwanza alitoa kwa akiba ya kuuza mayai na smokie, na salio likawa mkopo wa kulipa kila siku kwa M-Pesa. Kila siku, hata Jumapili.

Wiki ya pili ikaanza kuzima ikipata moto. Hebu fikiria: uko katikati ya barabara, abiria yuko nyuma, matatu inakupigia honi kama umemwibia kondakta wake, na wewe unapiga kiki tu. Akairudisha dukani. Wakasema ni plagi. Ikazima tena, wakasema ni kabureta. Mara ya tatu wakamuuliza, "Bosi, unaweka mafuta wapi?" Mara ya nne shida ikawa yeye mwenyewe, ati anabeba mizigo mizito. Mara ya tano hawakusema kitu, walimwambia tu aiache.

Nilipiga hesabu: siku 41 kwa jumla pikipiki ililala kwa fundi wao. Na ile meseji ya mkopo haikukosa hata siku moja. Mathe alifika mahali akaanza kusema kuna mtu ameitupia jicho, tuiombee. Sikumlaumu. Kitu kikiharibika mara tano na aliyekuuzia anakuangalia machoni akisema kiko sawa, hata mimi ningetafuta mchawi. Ila huyu mchawi alikuwa na risiti na muhuri.

Kule Marekani gari mpya ya aina hii huitwa limau. Unanunua kitu kinang'aa, ukiuma ni uchungu. Na wana sheria zake, kila jimbo na yake, kuanzia Connecticut mwaka 1982. Ya California ndiyo huwa nawaambia watu. Ndani ya miezi 18 au maili 18,000 za kwanza, kama gari imerekebishwa mara nne au zaidi kwa shida ileile, au mara mbili kama shida inaweza kuua mtu, au imekaa gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla, sheria inaanza kwa kudhani hilo ni limau. Kutoka hapo kampuni ndiyo inafaa kueleza kwa nini isikupe nyingine au isirudishe pesa zako.

Mimi hapo nilipenda zile namba. Nne. Mbili. Thelathini. Hata mtu aliyeacha shule darasa la sita anaweza kuhesabu hadi nne. Hauhitaji kubishana na fundi kuhusu kabureta usiyoijua. Unaleta makaratasi, yanahesabiwa.

Na msiniambie hayo ni mambo ya wazungu matajiri. Afrika Kusini, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2008 inakupa miezi sita kurudisha kitu kibovu, na wewe mnunuzi ndiye unachagua: kirekebishwe, kibadilishwe, au urudishiwe pesa. Wakirekebisha na shida irudi ndani ya miezi mitatu, hawana ruhusa ya kujaribu tena na tena. Ni kubadilisha au kurudisha doo. Yaani kakangu angekuwa Soweto, mchezo ungeisha safari ya pili.

Sisi je? Watu wengi hudhani hatuna kitu. Tunacho. Kifungu cha 46 cha Katiba kinasema mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inasema muuzaji anahesabiwa kuwa amekuhakikishia ubora huo, na hata akuandikie kwa risiti kwamba "bidhaa ikiuzwa hairudishwi", hawezi kukunyang'anya hiyo haki kwa karatasi yake. Hiyo stempu nyekundu mnayoona kila duka la mjini imetutisha bure miaka yote hii.

Shida yangu na sheria yetu ni kwamba haina namba. "Ubora unaofaa" ni maneno matamu, lakini unaofaa kwa nani? Nikisema mara tano ni nyingi, muuzaji anasema ni kawaida kwa injini mpya, na yeye ana wakili ilhali mimi nina bando ya wiki. Halafu kuna mtego. Sheria ya zamani ya Uuzaji wa Bidhaa inasema ukikaa na kitu kwa muda wa kutosha bila kusema unakikataa, umekikubali. Ukishakikubali, kurudisha kunakuwa ngumu, unabaki kudai fidia. Sasa angalia vile sisi hufanya: tunarudi kwa fundi kwa upole, tunachekacheka, tunasema "sawa bosi, nitajaribu tena". Huo upole wetu unaweza kusomwa kama kukubali.

Kwa hivyo nilimkalisha kakangu chini. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Tarehe ya kununua, tarehe tano za kuirudisha, walichosema kila mara, siku 41, na mstari mmoja: sikubali pikipiki hii, nataka pesa zangu. Tatizo, karatasi za kazi alikuwa nazo mbili tu kati ya tano, kwa sababu mara zile zingine waliandika kwa mdomo. Tafadhali, usiwahi kuacha chombo chako mahali bila karatasi yenye tarehe. Hata wakikucheka. Tulipeleka barua mkono kwa mkono, nakala yetu ikapigwa muhuri wa kupokelewa.

Tuliongeza pia kwamba hatua inayofuata ni Mahakama ya Madai Madogo. Hii mahakama wengi hawaijui. Inasikiza madai hadi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Pikipiki nyingi zinaingia hapo na nafasi inabaki. Gari la milioni mbili haliingii, lakini wacha tuwe wakweli, ni wangapi kati yetu wananunua gari jipya? Gari "jipya" la Kenya limeshaendeshwa Japani miaka saba.

Siku tisa baadaye simu ikalia. Wale wale waliosema ni mafuta mabaya walitaka kumbadilishia injini nzima, bure.

Hapo ndipo tuligombana, mimi na yeye. Mimi nilitaka akatae, aende mahakamani, adai pesa yote na fidia ya zile siku 41. Yeye akaniuliza, "Na hizo siku 60, mkopo utalipa wewe?" Sikuwa na jibu. Alichukua injini. Inafanya kazi, lakini zile siku alizolala njaa hakuna aliyemlipa, na kwangu mimi huo ni wizi. Tungekuwa na zile namba kwa sheria yetu, hangelazimika kuchagua kati ya haki na chakula cha jioni.

Nilimwambia Mbunge wetu hajawahi kurudisha pikipiki dukani ndiyo maana. Alicheka tu, akavaa helmeti.

Watu watatu wa steji yake wameshaniomba ile barua. Mmoja pikipiki yake ina wiki tatu.