Turbo Iliyotumika: Ni ya Gari Gani?

Katika maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, mnunuzi aulizapo turbo iliyotumika ni ya gari gani, jibu hutolewa upesi: "Hii ya Land Cruiser, mzee." Huenda jibu hilo ni la kweli. Kosa ni kulipokea kama ushahidi, na kosa hilo hufanywa hata na watu waliosoma fizikia miaka minne ya sekondari.

Turbo, ambayo wazo lake lilipewa hataza na Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905, ni magurudumu mawili yenye mapangaboi, yaliyofungwa kwenye shafti moja. Moshi utokao injinini huzungusha gurudumu la kwanza. La pili husukuma hewa kuelekea katika silinda. Mzunguko huo huweza kuzidi mara 100,000 kwa dakika, na shafti huelea juu ya utando mwembamba wa mafuta. Kwa hiyo haitoshi kwamba matundu ya bolti yamelingana. Kasha la upande wa moshi likiwa kubwa kuliko injini inavyohitaji, gari hupanda mlima kwa shida huku likitoa moshi mweusi. Likiwa dogo mno, moshi hukosa njia, na gurudumu huweza kuzunguka kupita kiasi hadi likapasuka. Mwenye daladala aliyekopa fedha za kununulia spea hiyo hupata hasara mara mbili.

Ushahidi wa kwanza ni kibati chenye namba ya mtengenezaji. Namba za Toyota zina mafungu mawili. Fungu la kwanza, 17201, hueleza tu kwamba kifaa ni turbo. La pili ndilo lenye habari ya injini. Namba 17201-54060 ni ya injini ya dizeli 2L-T. 17201-17010 ni ya 1HD-T, dizeli ya Land Cruiser. 17201-42020 ni ya 7M-GTE, injini ya petroli ya gari la Supra. Hizi mbili za mwisho ni za jamii moja iitwayo CT26. Basi muuzaji asemaye kuwa CT26 ni CT26 hasemi uongo, ila asema nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyotenganisha lori la mlimani na gari la mbio. Moshi wa petroli, tena, una joto kali kuliko wa dizeli.

Wengi hupotezwa na namba zilizochomoza juu ya chuma chenyewe. Hizo aghalabu ni namba za kalibu ambamo kasha lilisubiwa, na kalibu moja huweza kutoa makasha ya turbo za aina kadhaa. Kibati nacho si msahafu. Kwa kawaida hubandikwa kwenye kasha la upande wa hewa, na fundi aliyeunganisha turbo mbili mbovu ili apate moja nzima huweza kuacha kibati kikitaja kifaa ambacho hakipo tena ndani. Hapo hapana budi kupima: kipenyo cha kila gurudumu mahali pa kuingilia na pa kutokea, idadi ya mapangaboi, umbo la mlango wa moshi, pembe ya mabomba ya mafuta. Kalipa ya maabara ya shule yatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Wapo walimu wanaodai kuwa mambo haya ni ya gereji, si ya darasa. Dai hilo ni dhaifu. Mwanafunzi hupewa chumvi isiyojulikana jina, akaitambua kwa vipimo vinavyofuatana, kila kimoja kikipunguza yanayowezekana. Turbo isiyo na kibati ni swali la namna ileile, na huuzwa mtaani kwake. Fundi mzoefu, kwa upande wake, huweza kuitambua kwa jicho tu. Ila ujuzi wake hauandikwi, na akifa hufa nao. Darasa likipewa turbo mbovu tatu kutoka gereji jirani, libandue vibati, lipime, liandike katika daftari namba na vipimo pamoja, kisha limwalike fundi huyo asahihishe. Mwanafunzi aandikaye "ni jamii ya CT26, injini haijathibitika" apewe alama zaidi ya yule aliyebahatisha "Land Cruiser" akapatia.