Achaneni na vitini, someni riwaya yenyewe

Makamanda wa Shinyanga na Geita, leo siongelei tozo wala katiba. Naongelea msamiati wa Kiingereza, na najua wengine mmeshaguna.

Tuanze na sheria tunayoitaja sana vijiweni, ile ya 2017 iliyopita Bungeni kipindi cha sakata la makinikia. Kwa Kiswahili inasema mikataba ya maliasili ipitiwe upya ili kuondoa "masharti hasi". Sasa hasi ni hasi tu, hata betri ina upande hasi. Kwa Kiingereza sheria hiyohiyo imetumia neno "unconscionable". Lipasue neno hilo, ndani yake utakuta "conscience", yaani dhamiri. Ni sharti ambalo mtu mwenye dhamiri asingethubutu kuliandika. Neno hilo lina hasira, linamnyooshea mtu kidole. La Kiswahili limepoozwa. Kijana anayejua yote mawili akisimama kwenye mdahalo Kahama ana silaha ambayo mwenzake hana.

Na Kahama ndiyo yenyewe. Mkataba wa Buzwagi ulisainiwa London Februari 2007, kwa Kiingereza, wananchi wa pale hawajauona hata ukurasa mmoja. Zitto Kabwe alipolipeleka suala hilo Bungeni Agosti mwaka huo, akiwa mbunge kijana wa upinzani, alisimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa. Baadaye ikaja kamati ya Jaji Bomani. Mgodi wenyewe uliacha uzalishaji 2021. Kila nikikumbuka hadithi hii najiuliza jambo dogo: siku mkataba kama ule ukivuja na kuingia kwenye simu zetu, ni wangapi kwenye tawi lako wataweza kuusoma bila kusubiri mtu wa Dar awatafsirie?

Mtu ataniuliza, basi si tujifunze Kiingereza cha mikataba moja kwa moja, riwaya za nini? Hapana. Maneno ya kisheria ni machache na yanajirudia, ukiwa na msingi unayapata. Kinachoshinda watu ni msingi. Kutofautisha "may" na "shall", kusikia kejeli, kujua lini mtu anaahidi na lini anajifanya anaahidi. Hivyo huvipati kwenye orodha ya maneno. Unavipata kwenye hadithi, pale unapomjua anayesema na unajua anadanganya.

Chukua A Man of the People ya Chinua Achebe, ya 1966, riwaya ambayo wanafunzi wa HKL na HGL wameisoma kwa miaka mingi. Niseme kwa usahihi zaidi: wamesoma kitini chake. Kurasa chache za muhtasari, dhamira, wahusika, "relevance", basi, mtu anakariri anaingia kwenye mtihani wa NECTA. Anajua Nanga ni waziri fisadi. Hajui Nanga anavyochekesha, anavyowakumbatia watu, anavyogeuza lugha kulingana na aliye mbele yake, mara Kiingereza cha kiwaziri, mara kile Kiingereza cha mtaani cha Nigeria. Hajui kwamba Odili, msimuliaji na mwanafunzi wake wa zamani, naye kidogo aingie kwenye mtego kwa sababu jamaa ni mcheshi na nyumba yake ina vitanda vizuri. Hiyo ndiyo siasa tunayopambana nayo hapa! Kitini kinakupa neno "sycophant", unakariri maana, linapotea Jumatatu. Riwaya inakuonyesha mtu anayecheka kabla bosi hajamaliza utani, na wewe mwenyewe unasema, ah, chawa.

Nawaelewa wanaokimbilia vitini. Mtoto wa Kishapu au Mbogwe anaanza maisha na Kisukuma, anaingia shule anakutana na Kiswahili, halafu kidato cha kwanza anaambiwa Baiolojia ni kwa Kiingereza. Nakala za kitabu darasani ni mbili au tatu. Mwalimu mwenyewe amepita njia hiyohiyo.

Mtafiti mmoja wa New Zealand, Paul Nation, alipiga hesabu mwaka 2006. Ili usome riwaya bila msaada unatakiwa uelewe karibu asilimia 98 ya maneno, na hiyo inadai familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Kwa ukurasa wa maneno 300, maana yake maneno sita tu ndiyo yakutatize. Ukielewa asilimia 90, kila ukurasa una maneno thelathini usiyoyajua, na hapo hakuna anayemaliza kitabu, atadanganya tu. Idadi hiyo inatisha, lakini maneno matano kwa siku kwa miaka mitano yanazidi 9,000. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamgasa, wengi hawakufika hata kidato cha nne, wanaongea PML, karasha, kaboni na elusheni kama wanasalimiana. Hakuna aliyewafungulia tuisheni. Walihitaji maneno, wakayabeba.

Kwa hiyo anza chini. Hawa the Bus Driver ya Richard Mabala siyo kitabu cha watoto kwa mtu ambaye hajawahi kumaliza kitabu cha Kiingereza. Soma sura nzima bila kamusi, pigia mstari unapokwama. Neno likijirudia mara tatu, hilo lina haki ya kutafutwa, mengine yaache yapite. Kwenye daftari usiandike neno na tafsiri yake, andika sentensi nzima ulipolikuta na nani alikuwa anasema. Ukipata "corrupt" chukua na ndugu zake wote, hadi "incorruptible". Nakala moja inatosha watu watano wa tawi, mnasoma kwa zamu na kubishana Jumapili. Shakespeare atasubiri.

Na asije mtu hapa kuniambia huku ni kukisaliti Kiswahili. Nyerere alimtafsiri Julius Caesar wa Shakespeare mwaka 1963 akiwa Rais, na Mabepari wa Venisi ikafuata 1969. Angekuwa na Kiingereza cha vitini tusingekuwa na vitabu hivyo. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alishinda Nobel 2021 kwa vitabu alivyoandika kwa Kiingereza, na Peponi tumeipata kwa Kiswahili kwa sababu Ida Hadjivayanis alizimudu lugha zote mbili.

Lakini juhudi za tawi hazifuti deni la serikali. Halmashauri zenye migodi zinalipwa ushuru wa huduma unaotokana na mauzo, na tangu 2017 sheria inataka kampuni na halmashauri zikubaliane mpango wa CSR kila mwaka. Tunaona madarasa, madawati, zahanati. Sawa. Darasa lisilo na vitabu ni kivuli tu. Wewe uliyeko Katoro, Kakola, Maganzo, kwenye mkutano ujao wa hadhara wa kata nyoosha mkono, muulize diwani swali moja: shule yetu ya sekondari ina nakala ngapi za riwaya, na kwenye mpango wa CSR wa mwaka huu kuna kitabu hata kimoja? Akijibu, andika jibu lake na ulilete kwetu, tutalichapisha kama lilivyo.