Mjomba Hasaini Barua Yako

"Shikamoo, mjomba. Una mtu pale halmashauri?"

Mpwa wangu ana cheti cha utawala kutoka chuo cha Hombolo. Tangazo la nafasi za Mtendaji wa Kijiji lilikuwa limetoka siku tatu kabla. Alijua nafasi ni ngapi na mwisho wa kutuma maombi ni lini, ila tangazo lenyewe alikuwa hajalifungua. Alikuwa anatafuta mtu kwanza. Nilipomwambia sina mtu, aliitikia, "Sawa, mjomba," akaaga. Siku ile hakutuma maombi, na kesho yake pia hakutuma.

Kilichomzuia ni imani tuliyomlea nayo sisi wenyewe: bila kujuana hupati kazi ya serikali, majina yameshapangwa, usaili ni geresha. Tunaisema kwenye daladala, tunaisema msibani, tunaisema mbele ya watoto wa kidato cha pili waliokaa mezani wanafanya hesabu. Nimechoka nayo. Kwa zile kada ndogondogo zinazobeba serikali huko chini, imani hii inawakosesha vijana wetu kazi kuliko upendeleo wenyewe.

Upendeleo upo, sikatai. Mwaka 2014 watu zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji, na mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Ndani ikasimamisha ajira za idara hiyo baada ya madai kwamba ndugu wa maofisa wamepenyezwa. Aliyekuwa uwanjani siku ile ana haki ya hasira yake. Lakini hebu tupige hesabu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitangaza nafasi 1,596, ikapokea maombi 135,027, ikaita kwenye usaili watu 112,952. Ni kama watu 71 kwa kila kiti. Hata mitihani ile ingesahihishwa na malaika, 70 kati ya kila 71 wangerudi nyumbani mikono mitupu. Wote hao wana wazazi na majirani watakaouliza kulikoni, na jibu la haraka, lisilomuumiza anayelitoa, ni kwamba hakuwa na mjomba. Ndiyo maana imani hii haifi: kila anayekosa anahesabiwa kuwa ushahidi wake.

Wakati huohuo milango mingine tunaipita bila kubisha hodi. TRA, benki kuu na bandari kila mtu anazijua. Nani anafuatilia matangazo ya Wakala wa Vipimo, RUWASA ya maji vijijini, Bodi ya Pamba, au TOSCI pale Morogoro wanaothibitisha ubora wa mbegu? Ni wazazi wangapi wanajua kwamba Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki na Kigoma kuna chuo cha hali ya hewa, na kwamba serikali huajiri watu wa fani hizo? Nchi hii ina halmashauri 184 na vijiji zaidi ya 12,000, na kila kijiji kinahitaji mtendaji. Nafasi za wanaostaafu na wanaofariki huombewa kibali cha ajira mbadala, kisha tangazo linabandikwa kwenye ubao wa halmashauri, linapigwa jua hadi wino unafifia.

Tena nyingi ya kazi hizi zina kipimo kisichobebeka na mtu mwingine. Mwandishi Mwendesha Ofisi anatakiwa kuandika hati mkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 100 kwa dakika. Dereva Daraja la II anatakiwa awe na leseni ya daraja C au E, na kwenye usaili wa vitendo atakalishwa nyuma ya usukani. Mjomba gani atakushikia kalamu dakika ile, au klachi?

Anayetaka kujua maombi hufia wapi akakae steshenari mchana mmoja. Mimi nimekaa. Kijana anafika saa kumi jioni siku ya mwisho, ana picha za vyeti kwenye simu. Mwenye duka anamfungulia akaunti ya Ajira Portal kwa barua pepe ya dukani na namba ya simu ya dukani, na neno la siri halikumbukwi tena na yeyote. Barua ya maombi inanakiliwa kutoka ya mteja wa jana, jina linabadilishwa, cheo kinasahaulika, na saini haipo. Panapotakiwa cheti cha kidato cha nne panawekwa karatasi ya matokeo, ingawa tangazo linasema wazi kwamba haikubaliki. Jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la NIDA, na hati ya kiapo ya majina hakuna. Majina ya walioitwa yakitoka, huyu hayumo, na anaapa kwamba kuna mtu kawekwa. Mjomba wa mtu mwingine hakumzuia kusaini barua.

Na wanaopita hatua hiyo je? Wengi wanajiandaa kwa kununua makusanyo ya maswali yanayouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp, maswali ya kada zote yamechanganywa, majibu mengine ya kubuni. Silabasi wanayo bure, wanairuka. Iko kwenye tangazo lenyewe, chini ya kichwa cha Majukumu ya Kazi.

Chukua Mtendaji wa Kijiji. Tangazo linamwita Afisa Masuuli na Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji. Basi jiulize afisa masuuli ni nani, na anajibu nini fedha za kijiji zikipotea. Linasema ni katibu wa mikutano. Ujue basi halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, ujue mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitwa kila baada ya miezi mitatu, na uwe umewahi kuandika muhtasari wa kikao, hata wa kikoba cha mama yako. Linasema atasikiliza malalamiko na migogoro. Kijijini hiyo maana yake ni ardhi, na ardhi ya kijiji ina Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, yenye Baraza la Ardhi la Kijiji la watu saba, watatu wao wanawake. Linasema atawajibika kwa Mtendaji wa Kata. Kaa na mtendaji wa kata yenu asubuhi mbili za kila wiki, msaidie kupanga mafaili, uone watu wanavyoingia na mambo wanayoyaleta. Aliyefanya hivyo kwa wiki tatu anajibu swali la msaili kama mtu anayesimulia kazi yake.

Msaidizi wa Kumbukumbu vilevile. Wengi wanadhani ni kazi ya kubeba mafaili. Waulize barua ikiingia masijala inapitia mikono gani, au faili la siri linatunzwaje tofauti na la wazi, wanaduwaa. Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 inahusu kumbukumbu na nyaraka, na haiuzwi ghali.

Kuna kelele nyingine inayonikera. Sekretarieti ya Ajira ikitangaza walioitwa kazini, watu husema fulani kaibukia wapi, mbona hakuonekana kwenye usaili wa mwezi uliopita. Wengine wao walifaulu usaili wa nyuma, nafasi hazikutosha, wakahifadhiwa kwenye kanzidata mpaka nafasi zilipopatikana. Tangazo la kuitwa kazini huwa linaeleza hivyo katika aya za mwanzo, na sisi tunakimbilia kwenye majina. Kijana aliyesoma usiku na mchana anaanza kazi huku mtaa mzima unamuuliza, "Ulimpata nani?" Nawajua wawili waliochoka kukana, sasa wanatabasamu tu, watu waendelee kuamini kwamba walishikwa mkono. Tumewanyang'anya sifa ya jasho lao.

Na anayevuna kwenye imani hii ni tapeli. Anapiga simu, anasema jina lako liko ukurasa wa tatu, tuma laki mbili lisogezwe. Asingepata hata shilingi kwa mzazi asiyeamini kwamba majina husogezwa. Mzazi anauza mbuzi, na kwa kuwa alidhani anatoa hongo, anaona aibu kwenda polisi.

Jumapili nilikwenda kwa dada na tangazo nimelichapisha. Mpwa wangu alisoma majukumu kwa sauti, akaishia kwenye kusimamia utungaji wa sheria ndogo. "Mjomba, mkutano mkuu ukiikataa sheria ndogo, mtendaji anafanyaje?" Nikamwambia tuitafute. Tulifungua Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 kwenye simu yake, tukasoma kifungu kwa kifungu mpaka bando likaisha, tukaongeza. Barua aliiandika usiku uleule, kwa maneno yake, akaisaini.