Mzee Jengua Hayumo Kwenye Orodha

Kuna saluni moja hapa Lipangalala ambayo, kama nyingine nyingi za Ifakara, ina biashara mbili: kunyoa nywele na kurusha muvi kwenye flashi. Juzi nilikaa kwenye benchi nikisubiri zamu yangu, nikakuta ubishi umeshapamba moto. Sizoni gani ni kali kuliko zote tangu dunia iumbwe? Kijana wa bodaboda akasema Prison Break, hakuna mjadala. Mwenzake akamwambia aliyeangalia Game of Thrones hawezi kuthubutu kusema hivyo. Dada aliyemleta mwanawe kunyolewa akawaambia wote wawili hawajui kitu, wamuulize yeye mambo ya Hurrem kwenye Sultan. Mzee mmoja, povu limemjaa nusu ya kidevu, akauliza taratibu: "Na zile za Kaole, za ITV, je?"

Saluni nzima ikaangua kicheko. "Mzee wangu, yale ni maigizo. Hapa tunaongelea sizoni!"

Makala hii naiandika kwa sababu ya kicheko kile. Ndani yake imo imani ambayo hakuna anayeihoji: kwamba sizoni bora ya wakati wote lazima itoke ng'ambo, kwamba wenye dunia yao wameshaijua na kuiorodhesha, na sisi kazi yetu ni kuchagua mojawapo kati ya zilizopitishwa. Cha kwetu hakishindwi. Hakiruhusiwi hata kuingia uwanjani.

Tuanze na hao wenye orodha. Mwaka 2021 BBC Culture iliwauliza wataalamu 206 kutoka nchi 43 wataje tamthilia bora za karne hii. Iliyoshika namba moja ni The Wire, ya Marekani, iliyoonyeshwa kuanzia 2002 hadi 2008. Pale saluni hakuna aliyeitaja. Hakuna hata aliyewahi kuisikia. Na huko huko kwao, wakati inaonyeshwa, watazamaji wake walikuwa wachache na haikupata tuzo ya Emmy hata moja. Kwa maana hiyo bora ya dunia ilikuwa haijulikani Lipangalala, na nyumbani kwake nayo ilikuwa inatafuta watu. Sasa hiyo orodha tunayoiogopa ni ipi? Tunachokiita "chaguo la dunia" ni kile kilichobahatika kuingia kwenye flashi ya kinyozi.

Halafu hayo maneno "wakati wote". Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini huku bara tulikaa bila kituo hadi 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Televisheni ya Taifa ilikuja miaka kadhaa baadaye. Wakati wetu wote, basi, una miaka thelathini na ushee. Mzee mwenye povu kidevuni ameuona wote, toka mwanzo hadi leo. Kijana wa bodaboda ameuona nusu, tena ile nusu ya mwisho. Aliyestahili kuchekwa ni nani?

Kubwa zaidi ni hili: hizo sizoni za ng'ambo tunazojivunia, hatukuziona kama zilivyotengenezwa. Jumong ya Korea, ya mwaka 2006, ina vipande 81. Aliyeitazama kwenye kibanda umiza, amebanwa na jasho la wenzake kwenye benchi la mbao, aliitazama ikiwa na mtu ndani yake anayeongea Kiswahili. Kazi hiyo ya kutafsiri muvi ndiyo iliyompa Lufufu jina Dar es Salaam nzima na mikoani. Mtafsiri wa aina yake hatafsiri tu. Anamtania adui, anamwonya stelingi kwamba nyuma kuna mtu, anaeleza mila za Wakorea kama vile alizaliwa nazo, na mahali maongezi yanapopoa anatia chumvi yake. Kipande kinakuwa chake. Sultan nayo ilitufikia kupitia Azam ikiwa na sauti za Watanzania. Yule dada hajawahi kumsikia Hurrem wa Uturuki akifungua mdomo. Hurrem anayempenda ni nusu Mturuki, nusu Mtanzania aliyesimama mbele ya kipaza sauti. Kumbe hata huko kwenye kambi ya "za nje" tulikuwa tunaushangilia mkono wa kwetu bila kujua.

Najua jibu litakalokuja. Tamthilia zetu picha zake mbovu, sauti inakwaruza, sebule ni ile ile kila wiki. Kwa Kaole sibishi. Kuna vipande ambavyo ungedhani maikrofoni imefunikwa na blanketi. Lakini kama tatizo ni picha, mbona Siri ya Mtungi haikutajwa? Ile ilipigwa kwa ustadi, Bagamoyo inang'aa kila fremu, vipande 26 vyenye mwanzo na mwisho. Pale saluni haikupata kura hata moja. Picha ni kisingizio. Tumeshaamua kabla ya kuwasha luninga kwamba chetu ni maigizo na chao ni sizoni.

Mimi nina kipimo changu, na nimekipata shambani. Watu wa huku bondeni Ifakara wanakijua. Mpunga ukianza kukomaa, familia zinahamia mashambani kuamia ndege. Unakaa juu ya dungu kutwa nzima, unawapigia kelele kwelea kwelea, hakuna umeme, hakuna king'amuzi, na simu unaichunga chaji isikate. Jua likizama kinachobaki ni mdomo. Hapo ndipo mtu huanza kuwasimulia wenzake tamthilia aliyoiona mjini, na hapo ndipo utajua uzito wake. Joka la Game of Thrones juu ya dungu ni neno tu. Bila ile picha ya mamilioni ya dola halitishi hata kwelea. Wakati huohuo, baba anayemfukuza binti yake kwa sababu ya mchumba maskini, au shangazi anayekuja kusalimia na kuacha nyumba inawaka moto, husimuliwa hadi usiku wa manane. Wasikilizaji wanaingilia kati, wanamlaani shangazi, wanakumbuka wa kwao.

Kwa kipimo hicho, kura yangu ni ya Kaole, zile tamthilia za ITV za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zilichotuachia ni watu. Muhogo Mchungu, Bi Hindu, Dokta Cheni, Mzee Jengua: majina ya kwenye igizo yaliyoyameza majina ya waigizaji wenyewe. Humo ndimo alimopita Ray, humo ndimo alimopita Steven Kanumba, na Aprili 2012 alipofariki umati uliojaa Leaders Club kumuaga ulionyesha kwamba watu wanazika mtu wa nyumbani kwao. Prison Break ilitufundisha kutoroka gereza ambalo hatumo. Kaole ilitufundisha kumtambua jirani.

Usinielewe vibaya; mwenye Scofield wake wa Prison Break abaki naye. Ninachodai ni kwamba chetu kipelekwe kwenye mizani kabla hatujakicheka, na mwenye kukicheka aseme amekiona lini.

Zamu ya mzee ilipokwisha alijifuta, akalipa, akatoka zake bila neno. Ni mtu mkali, mtaa mzima unamjua. Yule kijana wa Prison Break akaruka kwenye pikipiki yake, akaiwasha na kumwita kwa jina ambalo Lipangalala imempa miaka mingi, jina ambalo kijana mwenyewe sidhani kama anajua lilikotoka:

"Mzee Jengua! Panda, nikupeleke."