Msamaha Haupimi Kiwanja



Kuna shauri moja tulilolizoea katika mashirika yetu ya msingi, na kwa kuwa limevikwa nguo za utakatifu, hakuna anayethubutu kulipinga. Mkristu anapoleta neno la kiwanja, kwamba jirani amesogeza mpaka, tunamjibu: "Nyamaza, samehe, umwachie Mungu." Ninaandika kusema kwamba shauri hilo ni baya, na kwamba sisi tunaolitoa tuna sehemu yetu katika ugomvi unaofuata.

Ninasema sisi, maana mimi mwenyewe nililitoa. Kwenye miteremko ya Kadutu, hapa Bukavu, nyumba zimebanana hata maji ya paa la mmoja huanguka mlangoni pa mwingine. Msimu mmoja wa mvua udongo ulibomoka, ukachukua ua wa miti uliotenganisha viwanja viwili. Jirani alijenga upya, kwa matofali. Mjane wa kiwanja cha chini alikuja katika sala ya shirika, akangoja tumalize, akasema: "Ndugu zangu, ukuta umeingia kwangu karibu hatua mbili. Nifanye nini?" Tukamwambia asamehe. Tukamwombea. Tukaenda nyumbani tumeridhika.

Mama alinyamaza. Watoto wake hawakunyamaza. Miezi minane baadaye, usiku, wanawe wawili, waimbaji wa kwaya yetu, walichukua sururu wakaubomoa ukuta. Mwana wa jirani akatoka na panga. Mmoja alipoteza vidole viwili, mwingine akalala gerezani. Leo familia hizo zinahudhuria Misa ileile na hazipeani mkono wa amani. Na hata sasa hakuna ajuaye kwa hakika kama ukuta ule uliingia, wala kwa kiasi gani, maana hakuna aliyepima.

Tazameni kwanza sheria ya nchi. Sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha uandikishaji. Cheti kikiisha kutimiza miaka 2 bila kupingwa, kwa kawaida hakiwezi tena kuangushwa. Aliyedhulumiwa hubaki kudai fidia tu. Jirani akiandikisha kiwanja pamoja na hatua mbili zako, siku zinaanza kuhesabiwa hata kama wewe uko katika novena. Kumwambia mjane anyamaze mbele ya sheria ya namna hiyo ni kumsaidia anayemnyang'anya.

Wala desturi haikutufundisha kunyamaza. Katika Bushi, aliyepata ardhi kwa kalinzi alitoa ng'ombe kwa mtawala mbele ya mashahidi, na haki ile ikarithiwa na watoto wake. Neno la ardhi lilifanywa mchana, mbele ya macho ya watu. Usiku ulikuwa wa wezi.

Watanijibu kwamba Abrahamu alimwachia Loti achague sehemu nzuri. Ni kweli, lakini someni vema sura ya 13 ya kitabu cha Mwanzo. Wachungaji wao walipogombana, Abrahamu hakunyamaza. Alikuwa wa kwanza kusema, akalitaja jambo kwa jina lake, wakaitazama nchi pamoja, wakagawana waziwazi. Alitoa, naam, lakini alijua anachotoa, na Loti alijua anachopewa. Kumbukumbu la Torati linamlaani asogezaye mpaka wa jirani yake. Halimlaani anayeuliza mpaka uko wapi. Na Yezu, katika sura ya 18 ya Matayo, anatuagiza kumwendea ndugu aliyekosa tukiwa wawili peke yetu, kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili, kisha mbele ya jumuiya. Hiyo ni njia yenye hatua, na kila hatua ni ya kusema. Sisi tumeifuta yote tukaweka neno moja: nyamaza.

Sasa nawageukia ninyi vijana, kwa sababu katika maneno haya ninyi ndio mikono. Baba anapojaa hasira, hatumi mzee kung'oa mawe ya mpaka usiku, anamtuma kijana. Tajiri akitaka kumtisha jirani maskini, anawanunulia vijana pombe. Jueni kwamba kung'oa au kuhamisha alama za mpaka ni kosa la jinai katika nchi yetu, hata kama kiwanja ni chenu kweli. Na yule mwenye ndugu mwenye silaha, anayemleta asimame tu kwenye ua bila kusema kitu, huyo naye amekwisha kupiga. Tunabeba picha za Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa mwaka 2007 kwa kukataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visiuzwe kwa watu. Tutaibebaje picha hiyo kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili unampa mpimaji noti ili kamba yake ivutike upande wetu?

Basi tufanye nini? Mwende kwa jirani mapema, mchana, kabla matofali hayajapandana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Msimpelekee mashtaka, mpelekeeni swali: "Mzee, tunaomba tutembee pamoja kwenye mpaka." Wakati wa kusemezana, kazi ya ujenzi isimame. Kila upande ulete karatasi zake: hati ya mauzo, mkataba, mchoro wenye vipimo, cheti kama kipo. Waulizeni wakaaji wa zamani na yule aliyeuza, kama bado yu hai. Kisha aitwe mpimaji wa kadastri, pande zote mbili ziwepo, na gharama zigawanywe, ili asiwe mtu wa yeyote. Matokeo yaandikwe, yatiwe sahihi na majirani wa pande nyingine, nyumbakumi na mkubwa wa avenue, na kila familia ibaki na nakala. Ikishindikana, wako wapatanishi wa Tume ya Haki na Amani; na baada yao iko mahakama, ambayo si dhambi kuiendea.

Lakini anayeomba kupimwa akubali pia kupimwa. Huenda kamba ikasema kwamba mjane wetu alikosea, na kwamba ua wa zamani ndio uliokuwa umeingia kwa jirani. Kamba haimjui mjane wala tajiri. Asiyekuwa tayari kusikia jibu hilo hatafuti haki, anatafuta ushindi, na huyo simtetei.

Baada ya hayo yote msamaha unapata nafasi yake. Mama akijua kwamba hatua mbili ni zake, anaweza kuzidai, anaweza kuziuza, anaweza hata kumpa jirani bure kwa sababu ya watoto wake wanaokosa pa kulala. Hiyo itakuwa zawadi, itaandikwa, na watoto wake mwenyewe wataiheshimu kwa sababu walikuwapo. Tulichomwomba siku ile hakikuwa msamaha. Tulimwomba afunike jambo ambalo hata sisi hatukulijua, ili sala yetu iishe kwa utulivu.

Kiangazi kinamalizika. Kabla mvua za Septemba hazijaanza kushusha udongo, kila kijana amwombe mzazi wake amwonyeshe mipaka minne ya kiwanja chao na karatasi zake, na jirani aalikwe kuona. Palipo na alama iliyopotea, isimikwe upya mbele ya wote. Nami nimekwisha kumwendea yule mama, nimemwomba radhi kwa shauri langu. Jirani yake amekubali mpimaji aje. Tumechelewa kwa vidole viwili vya kijana, lakini kamba itanyoshwa.