Risasi Chini ya Maji

Wako wanaodhani kuwa bunduki haiwezi kulia majini, kwa kuwa moto hauwaki pasipo hewa. Dhana hiyo si sahihi. Baruti ina oksijeni yake ndani ya kemikali zake. Kinachobadilika ni safari ya risasi: maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, hivyo risasi ya bastola huishiwa nguvu baada ya mita chache tu.

Jicho haliwezi kuyaona hayo. Profesa Harold Edgerton wa Marekani alipiga picha za risasi kwa taa iliyomulika kwa muda wa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Zikipigwa hivyo majini, picha huonyesha kiputo cha gesi kikivimba mdomoni mwa mtutu, kikibanwa na maji, kisha kikivimba tena.

Picha hizo zisitazamwe kama mchezo. Risasi husimama, lakini mshindo huendelea kwa mita 1,500 hivi kwa sekunde. Mshindo wa namna hiyo, wa baruti za wavuvi haramu, uliangamiza samaki na matumbawe pwani ya Tanzania kwa miaka mingi. Walimu wa fizikia yafaa wazitumie kufundisha kwamba maji huzuia risasi, wala hayazuii mshindo.