Je, Mbwa Akishiba Hawindi?

Siku moja hapa Ntoto niliwaona wawindaji wakirudi kutoka msituni. Mbele yao alikuwa mbwa mwekundu, mdogo wa mwili, mkia umejikunja juu ya mgongo. Shingoni alivaa kengele ya mti. Alichomwa na mwiba, akawa anatembea kwa miguu mitatu. Wawindaji wakaanza kugawana nyama. Mbwa akasogea, akapigwa teke.

Nikamwuliza mwenye mbwa, "Mzee, huyu hana fungu lake?"

Akacheka, akasema, "Furere, wewe hujui mbwa. Mbwa akishiba hawindi."

Neno hilo nimelisikia mara nyingi. Nawaheshimu wazee, maana mambo ya msitu wao ndio walionifundisha. Walakini katika neno hilo naona kosa, na leo nataka kuwaeleza sababu yake.

Kwanza tumjue mbwa huyu. Mwili wake si mkubwa, lakini ana mbio, ana pua kali, tena ni shujaa. Mbwa wa jamii yake hawabweki kama mbwa wengine. Hulia kwa sauti yao wenyewe, pengine kama mtu aimbaye. Ndiyo sababu wawindaji humfunga kengele. Msitu ni mzito, macho hayafiki mbali. Wao husikiliza kengele na kujua mbwa yuko wapi. Yeye huingia penye miiba na kumfukuza mnyama mpaka wavuni.

Wageni waliowachukua mbwa wa namna hii kutoka misitu ya Kongo waliwaita "basenji". Ninyi mwalijua neno hilo. Zamani lilitumiwa kuwadharau watu wa vijijini. Kwa jina hilo la dharau mbwa hao wakapelekwa Uingereza, na mwaka wa 1937 wakaonyeshwa London, watu wengi wakaja kuwatazama. Leo watu wa Ulaya na Marekani huwanunua kwa fedha nyingi na kuwalisha kila siku. Lakini hapa kwao, ndugu zao wanalala na njaa. Je, hiyo si aibu yetu?

Sasa turudi kwa neno la mzee. Kweli imo ndani yake, lakini ni nusu tu. Mbwa aliyejaza tumbo asubuhi hawezi kukimbia vizuri; hata ninyi mkila sana hamwezi kucheza mpira. Basi asilishwe kabla ya kwenda kuwinda. Alishwe jioni, akiisha kupumzika. Lakini mbwa mwenye njaa ya kila siku huchoka upesi na kuugua. Huiba chungu jikoni. Akimkamata mnyama, humla kabla bwana wake hajafika. Nasi twamwita mwizi! Lakini ni nani aliyemfundisha wizi?

Tazameni jambo jingine katika mkoa wetu huu wa Kivu ya Kaskazini. Tangu mwaka wa 2011 walinzi wa Hifadhi ya Virunga wana mbwa wakubwa, wenye masikio marefu yanayoning'inia. Kwa Kifaransa huitwa mbwa wa Mtakatifu Huberti, kwa sababu yasemwa kwamba zamani walifugwa na wamonaki wa monasteri ya jina hilo huko Ubelgiji. Kazi yao ni kufuata harufu ya majangili. Mbwa hao hulishwa, husafishwa, hufundishwa kwa saburi, na wakiugua hutibiwa. Wameshiba, nao wanafanya kazi. Nadhani jibu la mzee ni hilo.

Ninyi watoto mwaweza kufanya nini? Kila jioni mpeni mbwa wenu bugali kidogo na mabaki ya chakula, na maji safi. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika kama sindano na kumchoma tumboni. Akirudi msituni, mtazameni nyayo na masikio, mkawatoe miiba na kupe. Msimsumbue anapokula, wala mama anaponyonyesha watoto wake. Msimpige mawe.

Tena, mwambieni baba ampeleke mbwa kuchanjwa kila chanjo inapopatikana. Kichaa cha mbwa huua, na miongoni mwa wanaokufa wamo watoto wengi kama ninyi. Ukiumwa na mbwa, hata jeraha likiwa dogo, usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha uende kituo cha afya siku ile ile. Ugonjwa ukiisha kuonekana, karibu hakuna aponaye. Lakini sindano zikichomwa mapema zinaokoa.

Na yule mbwa mwekundu? Jioni ile mjukuu wa mzee alimtoa mwiba, akampa bugali yenye mchuzi. Mzee alimwona, asiseme kitu. Wawindaji waliporudi mara nyingine, nilimwona mzee mwenyewe akikata kipande cha ini, akamtupia mbwa. Mimi sikumwuliza neno, naye hakuniambia.

Anayetufanyia kazi ana haki ya kula, hata kama hawezi kusema. Leo jioni, kabla hamjalala, tazameni nje ya mlango: je, wa kwenu amekula?